Mgeni Asiyemtaja Mwenyeji: Maandishi ya Likizo na Njia ya Wasso

Ashikaye njia ya Mto wa Mbu, akapita Engaruka na Ziwa Natron, akapanda kuta za Bonde la Ufa hadi nchi ya Wasonjo, hufika Wasso kabla hajaiona Serengeti ya kaskazini. Pana hospitali hapo, iliyoasisiwa miaka ya 1960 na padri tabibu wa Austria, Herbert Watschinger. Pana soko, maduka, gereji, na siku hizi pana lami, kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale. Gari la watalii husimama kutia mafuta na kununua maji, kisha huelekea geti la Klein, na huko ndiko kalamu ya msafiri inakozinduka. Nyumbu huandikwa, simba huandikwa, mti wa mgunga uliosimama peke yake huandikwa kurasa mbili. Wasso, mahali alipokunywa maji, ni nadra kuandikwa.

Maandishi ya likizo hayajapata heshima ya uhakiki. Wahakiki huyaona kama porojo: barua kwa jamaa, shajara iliyochapwa kwa fedha ya mwandishi mwenyewe, makala ya gazeti la Jumapili, kurasa za kitabu cha wageni katika kambi ya mahema. Lakini yanasomwa na watu wengi kuliko mashairi, na yana kanuni kali kama za shairi. Ubeti wa kwanza ni barabara mbovu au ndege ndogo. Wa pili ni ukimya wa alfajiri. Kisha huja mnyama anayewinda, na mwandishi hutafakari udogo wa binadamu. Kibwagizo ni machweo, nacho hurudi kila siku ya safari, rangi zile zile. Binadamu mwingine ana nafasi mbili tu katika utungo huu. Wa kwanza ni dereva, aliyepewa jina moja bila la baba, ambaye sifa yake ni macho makali. Wa pili ni Mmasai aliyesimama mbali na fimbo, hana jina kabisa, na kazi yake katika sentensi ni ile ile ya mgunga.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kuelezwa zaidi. Ameziona picha za pwani ya Nungwi na Paje ambamo ngalawa ipo na nahodha hayupo, na mwani umepangwa vizuri kwenye kamba bila mikono ya mwanamke aliyeufunga.

Inafaa kuuliza utungo huu ulizaliwa lini, maana haukuwako tangu mwanzo. Mzungu wa kwanza kuandika khabari za kreta ya Ngorongoro alikuwa Oscar Baumann wa Austria, aliyeifikia tarehe 18 Machi 1892 akiwa na msafara ulioanzia Tanga. Baumann si mgeni kwetu. Mwaka 1888 alikamatwa Pangani pamoja na Hans Meyer wakati wa vita vya Abushiri, baadaye akawa konseli wa nchi yake hapa Unguja, na akaacha vitabu juu ya Mafia, Unguja na Pemba. Katika kitabu chake cha safari ya Umasaini, kilichotoka 1894, kreta haiko tupu hata kidogo. Ina maboma, na ina njaa. Sotoka ilikuwa imekwisha kufagia ng'ombe, na watu waliokonda hadi mifupa waliizunguka kambi wakiomba chakula. Wako wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao kwa kipande cha nyama. Ukurasa huo unachoma hata leo. Baumann hakuwa mtu mpole, na kitabu chake kimejaa kiburi cha zama zake, lakini hakuweza kuwatoa watu katika maandishi kwa kuwa walisimama mbele ya hema lake.

Miaka zaidi ya sitini ilipita, akaja Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta. Kitabu kilichotoka mwaka huo huo, na filamu yake iliyopata tuzo ya Oscar, vikaenea duniani kwa majonzi ya baba aliyefiwa. Anayevisoma kama maandishi tu, akiweka kando kila jambo jingine, hawezi kukana nguvu zake. Baba anaandika akiwa na kaburi jipya nyuma yake, na kila swala anayetajwa anatajwa kana kwamba naye anaweza kufa kesho.

Lakini lipo jambo jingine. Hoja ya kitabu ni kwamba hifadhi lazima ibaki bila mtu kuishi ndani yake, hata mwenyeji. Mwaka ule ule wa 1959 Serengeti ilitengwa na Ngorongoro kisheria, na Wamasai waliokuwa wakichunga upande wa magharibi wakatakiwa kuhamia nyanda za Ngorongoro na Loliondo. Si kitabu kilichowahamisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mipango yake kabla ya Grzimek kushika kalamu. Kitabu kilifanya kazi nyingine, iliyo karibu zaidi na kazi ya mshairi: kiliwafundisha wasomaji kuona ardhi yenye watu kuwa ni ardhi ambayo watu wameingilia. Toka hapo kila aandikaye likizo yake huanza alipoishia Grzimek, aghalabu bila kumsoma. Husifu upweke, na upweke huo umetengenezwa. Mwezi Juni 2022 vigingi viliposimikwa Loliondo kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500, na watu wakajeruhiwa na askari mmoja akapoteza maisha, wapo wasomaji wa ng'ambo walioshangaa kusikia kwamba huko kulikuwa na watu wa kuondolewa. Walikuwa wamesoma mengi juu ya Serengeti. Mshangao wao ni matokeo ya fasihi, nayo fasihi hiyo haina budi kuulizwa.

Ulimwengu wa visiwa umekwisha kuuliza. Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua katika bahari ya Karibi mwaka 1949, alichapisha mwaka 1988 kitabu kidogo kiitwacho A Small Place. Kinaanza na mtalii anayeshuka uwanja wa ndege, na mwandishi humsemesha uso kwa uso kurasa kwa kurasa: unaona hiki, huoni kile, unafurahia jua, huulizi maji ya kunywa hutoka wapi wala maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la 1974 imekuwaje. Mfasiri wa Kiswahili akikifungua kitabu hiki hukwama kwenye neno la kwanza. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa mmoja na kwa wengi. Sisi hatuna budi kuchagua. Ukisema "nyinyi", kitabu kinageuka hotuba ya mkutano wa hadhara, na kila msomaji anajificha nyuma ya mwenzake. Ukisema "wewe", kidole kinamfikia mtu mmoja aliyevaa kofia mpya ya jua. "Wewe" ndiyo sahihi, japo inaumiza, na japo adabu ya pwani haimruhusu mwenyeji kumsemesha hivyo mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti.

Hapo ndipo Kiswahili kinaona jambo ambalo Kincaid, kwa lugha yake, hakulazimika kuliona. Tuna maneno mawili. Mgeni ana haki na ana deni: hupewa maji, huulizwa khabari za atokako, na akikaa sana hupewa jembe. Mtalii hulipa, na akishalipa hana deni. Ajabu ni kwamba neno hili la pili asili yake ni tukufu. Lina udugu na mutalaa, kusoma kwa mazingatio. Mtalii kwa haki ya jina lake angekuwa msomaji wa nchi, mtu apekuaye ukurasa kwa ukurasa. Maandishi ya likizo yanampa jina hilo mtu ambaye ameruka kurasa zote zenye watu.

Derek Walcott wa Saint Lucia alilichukua jambo hili kwa upole zaidi katika khutba yake ya Nobel ya mwaka 1992. Aliwaeleza wasikilizaji wa Stockholm jinsi alivyokwenda kijiji cha Felicity, Trinidad, kuona Wahindi wa huko wakiigiza Ramleela, na jinsi alivyojishika yeye mwenyewe akitazama kama mgeni: alidhani anaona mchezo wa kuigiza, kumbe waliokuwa wakiigiza walikuwa katika imani yao. Kukiri huku kwa mwana wa visiwa hivyo hivyo kuna uzito kuliko lawama nyingi za Kincaid.

Na sisi wa pwani tukiri letu. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, visa vya wasafiri wetu wenyewe kwa lugha yetu. Sleman bin Mwenye Tshande anasimulia bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari anasimulia Udoe na Uzigua. Salim bin Abakari anasimulia Urusi na Siberia, alikokwenda 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani. Ni rahisi kuvikuta na kasoro. Viliandikwa kwa ajili ya Mjerumani aliyeviomba, na mara nyingi humtazama mtu wa bara kutoka juu kwenda chini, kwa neno lile la "ushenzi" ambalo pwani ililitumia bila haya. Asidhani mtu kwamba hapa ndipo ulipo usafi.

Hata hivyo visa vya bara vina kitu ambacho maandishi ya likizo yamekipoteza, nacho ni hongo. Msafiri anafika kwa jumbe, jumbe anadai, pana maneno, pana doti za nguo zinazohesabiwa, na ndipo njia inafunguliwa. Kwa kuwa lazima alipe, msafiri hulazimika kujua anamlipa nani. Nchi haiwezi kuwa tupu katika kisa ambacho kila kituo kina mwenyewe. Leo ada ya mtalii hulipwa ofisini kabla hajafika, kwa kadi, na mwenyewe ametoweka katika sentensi kama alivyotoweka katika malipo.

Kwamba si umbali wa Loliondo unaowafanya watu wasiione, mwaka 2011 ulitoa ushahidi. Mwaka huo maelfu walisafiri kwenda Samunge, kijiji cha Wasonjo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Hoja ya dawa si ya ukurasa huu. Waliosafiri hawakuwa likizoni. Walikuwa wagonjwa na wauguzi wao, waliolala siku kadhaa katika foleni za magari. Na masimulizi waliyorudi nayo, barazani na katika magazeti, yalijaa watu: nani aliuza uji, nani alitoa blanketi, bei ya chumba Wasso, mama aliyefariki garini kabla ya kufika. Barabara ilikuwa ile ile ya mtalii, lakini mgonjwa alimhitaji mwenyeji, na kwa hiyo alimwona.

Linabaki swali la anayetazamwa kuandika. Limekwisha kujibiwa, ila si kwa Kiswahili. Lazaro Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, alisimama Geneva mwaka 1989 mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa kueleza khabari za wafugaji wa kwao. Kabla yake, mwaka 1986, Tepilit Ole Saitoti alitoa kitabu cha maisha yake, The Worlds of a Maasai Warrior. Huyu alikulia nchi hizo za Ngorongoro na Serengeti, akapelekwa skuli kwa amri ya baba, akawaongoza watalii hifadhini, kisha akavuka kwenda Ulaya na Marekani. Hivyo amesimama pande zote mbili za dirisha la gari. Kitabu kina sehemu zilizolegea, hasa za ng'ambo, ambapo mwandishi anahesabu miji kama mtalii yeyote. Lakini pale anapoandika juu ya baba na ng'ombe wake, mabonde ambayo wageni huyaita pori yana wenyewe, yana ugomvi, yana mahari na mazishi.

Kitabu hiki kinastahili mfasiri wa Kiswahili mwenye subira, na jina lake lenyewe lina mtego. "Shujaa" ni neno la utenzi, litamrudisha kijana huyu kwenye picha ya ukutani hotelini. "Mpiganaji" linanuka kambi ya jeshi. "Morani" Kiswahili kimekwisha kulichukua kutoka kwa wenyewe, na linajulikana sokoni Wasso kama linavyojulikana hapa Darajani, kwa vijana wauzao dawa na viatu. Kazi na ianzie kwenye neno hilo.