Mrembo Aliyejua Kuuharibu Uso Wake

Mwaka 2009, katika kijiji cha Celoron, jimbo la New York, alikokulia mchekeshaji wa televisheni Lucille Ball, ilisimamishwa sanamu yake ya shaba akiwa ameshika chupa na kijiko. Meno yamejitokeza, macho yamekodoka. Mashabiki wakaiita Lucy wa Kutisha na kuipigia kelele hadi Agosti 2016, ilipoletwa nyingine yenye sura ya kupendeza na gauni la madoadoa. Asiyehusika angeweza kuuona ugomvi huo kuwa kichekesho cha aina yake. Hao hao waliomcheka maisha yao yote akibenua midomo na kutota maji ya zabibu, leo wanakataa uso uliokunjamana? Naona walikuwa na haki. Ubaya wa sura ya Lucy ulipimwa, ukaja kwa wakati wake na kuondoka kwa wakati wake. Shaba iliugandisha mkunjo mmoja na kumnyima mwenyewe nafasi ya kuukunjua. Walichokipenda watu hao ni ufundi, na ndiyo maana mapenzi yao yamedumu muda mrefu kuliko kawaida ya mapenzi ya televisheni.

Tamthilia yake ya vichekesho, I Love Lucy, ilianza kuonyeshwa na CBS tarehe 15 Oktoba 1951, ikaisha 1957 baada ya sehemu 180. Kabla ya hapo Ball alikuwa ameshakaa Hollywood karibu miaka ishirini akiajiriwa kwa uzuri wake: alianza kama mwanamitindo wa mbunifu wa mavazi Hattie Carnegie huko New York, kisha Hollywood akawa mwigizaji wa filamu nyingi za bei nafuu. Studio ya MGM ndiyo iliyozipaka nywele zake rangi nyekundu. (Kipindi chenyewe kilikuwa cha rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo wekundu huo mashuhuri sebuleni ulisadikiwa tu.) Filamu hazikujua la kuufanyia uzuri huo zaidi ya kuupiga picha. Televisheni iliugeuza kuwa mtaji wa kuchezea, kwa sababu mwenye kope zilizopangwa na midomo iliyochorwa vizuri ana kitu cha kupoteza, na hadhira inakaa ikisubiri apoteze.

Tazama sehemu ya Mei 1952, ambamo Lucy anatangaza dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Vitameatavegamin. Ndani yake mna vitamini, nyama, mboga, madini, na kileo asilimia 23, ila yeye hajui. Mara ya kwanza analitamka tangazo lote barabara, anameza kijiko, kisha uso unafanya kazi mbili kwa pamoja: mdomo unaendelea kutabasamu kwa ajili ya mteja huku sehemu nyingine zote zikiikataa dawa. Anarudia mazoezi, kijiko baada ya kijiko. Silabi zinaanza kugongana, macho yanalegea, jina la dawa linavunjika kila safari mahali pengine. Watu hudhani ugumu ni kuigiza mlevi. Ugumu upo kwenye ule usomaji wa kwanza ulionyooka. Bila huo mtazamaji asingelijua tangazo, na asipolijua hawezi kucheka linapoharibika. Lucy anatufundisha kwanza, halafu anatuchekesha kwa yale aliyotufundisha.

Kuna atakayesema sifa hizo ni za wengine, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Michezo iliandikwa na Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll. Mume wa Ball, Desi Arnaz, Mkyuba, alisimamia uamuzi wa kurekodi kwa filamu halisi mbele ya hadhira iliyoketi pale pale, na Karl Freund, aliyewahi kupiga picha za filamu ya Metropolis, akatafuta namna ya kuangaza jukwaa ili kamera tatu zifanye kazi kwa wakati mmoja. Lakini mpangilio huo ulimwongezea Ball deni badala ya kumpunguzia. Mchezo ulikwenda kama wa jukwaani, kicheko ama kinakuja ama hakiji, na mkunjo wa uso ukichelewa hauna pa kujificha.

Pingamizi zito zaidi ni la ndoa ya ndani ya kipindi. Ricky, mume wa Lucy aliyeigizwa na Arnaz, anashika fedha, anamkataza mkewe kuingia kwenye sanaa, na mara nyingine anamchapa kama mtoto, nasi tunatarajiwa kucheka. Mimi sichekei hapo, wala sioni sababu ya kulitetea kwa kisingizio cha zama. Hata hivyo hadithi hiyo inajipinga. Kila wiki inadai kwamba Lucy Ricardo hana kipaji, kisha inamkabidhi jukwaa, na anayebaki machoni ni yeye.

Wanaouliza kuna raha gani kuona mara ya hamsini jambo ambalo mwisho wake unajulikana wanadhani kicheko ni habari. Katika kiwanda cha chokoleti, sehemu ya Septemba 1952, kila mtu anajua mkanda utaongeza kasi na Lucy na rafiki yake Ethel watazificha chokoleti mdomoni na kifuani. Anayejua hilo yuko huru kumwangalia Vivian Vance, aliyeigiza Ethel. Haraka yake ni tofauti kabisa na ya Lucy: anahofu sawasawa na mtu wa kawaida, na hofu hiyo ya kawaida ndiyo inayotuonyesha Lucy amevuka mpaka kwa kiasi gani.