Mpagazi au Mwanafunzi? Safari ya Tippu Tip na Malezi ya Mhadhiri

Kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, husomwa kama historia ya pembe na utumwa. Sawa, ndivyo kilivyo. Lakini kina dhamira nyingine ambayo naona hatujaigusa vya kutosha: malezi ya mtu katika kazi. Hamed anaanza na safari ndogo ndogo za sandarusi akiwa na miaka 12, tena kwa bidhaa chache, maana ni mtoto. Anapofika miaka 18 anafuatana na baba yake hadi Tabora. Baadaye anadai akabidhiwe mali mwenyewe, asiwe chini ya msimamizi mwingine, na baba anakubali. Hatua kwa hatua, bwana, mpaka anaongoza misafara yake.

Nayaleta haya kwa sababu wanaoandika tasnifu za udaktari leo ndio watakaotuhadhiri kesho. Tunaambiwa eti wameshaandaliwa kufundisha, kwa kuwa wamepewa semina za kuendesha na marundo ya mitihani ya kusahihisha. Hapo ndipo ninapobisha. Njia ile ile ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji waliipita wapagazi wa Kinyamwezi maelfu kwa maelfu, mizigo mabegani. (Wanyamwezi wenyewe walikuwa pia wafanyabiashara hodari wa pembe, mimi nasema juu ya mpagazi wa kukodiwa.) Huyu aliijua njia pengine kuliko Hamed, lakini hakuna aliyemkalisha chini kumwonyesha hesabu za mali. Kitabuni humo wapagazi huhesabiwa zaidi kuliko kutajwa majina. Kubeba si kufundishwa.

Tazama basi hapa hapa Tabora. Nyerere alipoanza kufundisha sekondari ya Mtakatifu Maria mwaka 1946, alikuwa ametoka Makerere na stashahada ya ualimu. Mwalimu wa sekondari alitakiwa ajifunze kufundisha. Daktari wa fasihi anaweza kuingia ukumbini na tasnifu yake tu!

Marekani walianzisha mwaka 1993 mpango wa kuwaandaa wahadhiri wa baadaye. Mwanafunzi wa udaktari hupelekwa kwenye vyuo visivyofanana na chake, akawa na mlezi huko, mbali na msimamizi wa tasnifu. Kwetu ingekuwa mtu wa Mlimani akae muhula mmoja katika Chuo cha Askofu Mkuu Mihayo, afundishe riwaya, mwenzake mzoefu akikaa nyuma ya darasa akimtazama, kisha wakae wazungumze.

Ila hapo nako kuna mtego, na kitabu chenyewe kinauonyesha. Hamed alikabidhiwa mali kwa kuwa ni mwana wa Muhammed bin Juma. Tukiwaachia maprofesa wachague wa kuwalea, watachagua wanao. Nafasi hiyo iandikwe ndani ya kanuni za shahada, apewe hata yule ambaye msimamizi wake hamkumbuki jina.