Mtihani Kabla ya Uimamu: Uhakiki wa Tafsiri Tatu za Karne ya 20 kuhusu Al-Baqara 2:124

Aya ya 124 ya Suratul-Baqara inaeleza kuwa Nabii Ibrahim alitahiniwa na Mola wake kwa maneno kadhaa, akayatimiza, kisha akafanywa imamu wa watu. Alipokiombea kizazi chake, alijibiwa kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Mtafiti anaona kuwa wafasiri wa kisasa wameiegemeza aya yote kwenye jibu hilo la mwisho, na mtihani ukabaki kuwa utangulizi wa hoja ya utawala.

Wafasiri wa kale walishughulishwa na swali jingine: maneno hayo yalikuwa yapi? At-Tabari alikusanya riwaya nyingi, zikiwemo zinazotaja mambo kumi ya usafi wa mwili, asithubutu kuchagua moja bila ushahidi. Muhammad Abduh, katika Tafsir al-Manar iliyoandikwa na Rashid Rida, aliikataa riwaya ya usafi. Alikuwa na haki, ila baada ya hapo mtihani haumshughulishi tena: uimamu kwake ni utume, na dhulma humwondoa mtu katika uongozi hata awe wa ukoo gani. Sayyid Qutb, katika Fi Zilal al-Qur'an, anaongeza kuwa anayeiweka kando sheria ya Mungu ni dhalimu asiyestahili kuongoza. Anayeikumbuka Misri ya Gamal Abdel Nasser, ambamo Qutb alifungwa, ataelewa ukali huo. Lakini Ibrahim mwenyewe karibu ametoweka.

Muhammad Husayn Tabataba'i, katika al-Mizan, ni tofauti. Anashikilia kuwa uimamu si utume, kwani Ibrahim alikwisha kuwa nabii, na kutaja kwake kizazi kunaonesha kuwa ahadi ilimjia uzeeni. Anaiunganisha aya hii na As-Sajda 32:24, ambako uongozi unafuata subira. Hapo mtihani unarudishiwa uzito wake. (Mtarjumi wa Kiswahili anayetumia kiambishi -ta- kwa neno la Kiarabu lisilo na njeo amekwisha kukubali nusu ya hoja hii, pengine bila kujua.)

Ugumu unaanzia kwenye isma. Tabataba'i anahoji kuwa Ibrahim hangewaombea waliodhulumu maisha yao yote, wala wanaoishia katika dhulma. Hivyo waliokataliwa ni waliowahi kudhulumu wakatubu, na anayebaki ni asiyekosea kamwe. Fakhruddin ar-Razi, karne nyingi kabla, alikwisha kuijibu hoja ya namna hii: aliyetubu haitwi tena dhalimu. Mtafiti ana swali jingine. Ikiwa imamu hakosei tangu mwanzo, mtihani ulipima nini? Tabataba'i anafundisha kuwa isma haiondoi hiari, na jibu hilo lina uzito; hata hivyo linaufanya mtihani udhihirishe ukamilifu uliokuwepo, ilhali 32:24 inaonesha watu wakifikia uongozi kwa kusubiri.

Aya ya 126 inasaidia. Ibrahim anaomba riziki kwa wakazi wa Makka, safari hii akiwataja walioamini tu, naye anajibiwa kuwa hata anayekufuru atastareheshwa kwa muda mchache. Qutb anaona hapo adabu ya aliyejifunza kutokana na jibu la kwanza. Uchunguzi huo ni mzuri, na unastahili kusukumwa mbele: Ibrahim aliyekwisha kuahidiwa uimamu bado anafundishwa mahali pa kuweka mpaka na mahali pa kuuondoa.