Namna Bukoba Ilivyotwaliwa, Juni 1915

Ukiitandaza ramani ya magharibi ya Kenya na kuchora mstari ulionyooka kutoka ghuba ya Karungu hadi milima ya Kisii, mstari huo utapita karibu mno na Ndhiwa. Na ni upande huo wa nchi ambao Wajerumani waliupenya Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, walipotoka Mwanza katika koloni lao, wakashika Karungu, wakapanda hadi Kisii, na tarehe 12 wakapambana huko na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, katika vita vikali vilivyomwua kamanda wa askari hao, Kapteni Thorneycroft, hata jioni pande zote mbili zikajitoa. Kwa watu wa upande huo jambo lilikuwa bayana: mwenye kulimiliki Ziwa Victoria ndiye mwenye hiari ya kuchagua vita vitue wapi.

Waingereza walilielewa hilo, na mwaka uliofuata Jemadari Stewart akaongoza jeshi kuvuka ziwa ili auangushe mlingoti wa simu ya upepo uliokuwa Bukoba, mji wa Wajerumani kwenye ufuo wa magharibi. Miongoni mwa watu wake alikuwamo Luteni Kanali Daniel Patrick Driscoll, afisa aliyekwisha kupigana Burma, kisha katika vita vya Makaburu akaongoza wapelelezi waliojulikana kwa jina lake. Kikosi chake, batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kilikusanya wawindaji, mabaharia na wasafiri wa kila namna, akiwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekwisha kupita umri wa miaka sitini. Na kilitua Mombasa Mei 1915 bila ya kupewa mazoezi ya kawaida ya jeshi, kwa kudhaniwa kwamba maisha yao yaliyopita yalikuwa mazoezi ya kutosha.

Reli iliwafikisha Kisumu, na hapo tarehe 20 Juni takriban watu 1,500, Waingereza, Wahindi na Waafrika, wakapanda meli za ziwani, Winifred, Rusinga, Usoga na Nyanza zikiwamo, vyombo ambavyo siku za amani vilichukua pamba na abiria. Nia ilikuwa kushuka usiku, adui angali amelala. Lakini walinzi wa Kijerumani katika kisiwa karibu na Bukoba waliziona meli wakatoa ishara, na siri, ambayo ndiyo roho ya kazi ya namna hiyo, ikafichuka.

Hapa ndipo penye kustahili kutazamwa sana, kwa kuwa jemadari mwenye pupa angalishuka vivyo hivyo, na mwoga angalirejea Kisumu. Stewart aliziondosha meli mbali na macho, kisha alfajiri ya tarehe 22 akawashusha watu kaskazini ya mji, chini ya genge lenye mwinuko mkali, mahali ambapo mwenye akili zake asingedhani kwamba jeshi lingetua, na kwa sababu hiyo hiyo hapakulindwa ipasavyo. Watu wa Driscoll walitangulia kulipanda, na mizinga midogo ya milimani, iliyoundwa ili ifunguliwe vipande vipande na kuchukuliwa, ikawafuata juu. Ghafla ya saa ilikwisha kupotea. Mahali pake pakawekwa ghafla ya mahali. Kwa maoni yangu, tadbiri hiyo ilifaa kuliko ushujaa wote uliosimuliwa baadaye.

Zilizobaki zilikuwa siku mbili za kusonga taratibu, katika mvua, mawe na kinamasi, mbele ya maadui wachache waliojua kujificha. Tarehe 23 mji ulitwaliwa, wahandisi wa Kihindi wa Faridkot wakauangusha mlingoti, na jioni hiyo jeshi likapanda meli, kwa kuwa halikutumwa kuushika mji.

Lakini kabla ya kuondoka, Driscoll, kama ilivyoandikwa, aliomba watu wake waruhusiwe kuteka nyara, naye akaruhusiwa. Nyumba zikavunjwa, mali zikatawanywa. Hiyo naihesabu kuwa taksiri ya kijeshi pia, mbali na kuwa dhuluma, maana askari aliyelemewa na ghanima na ulevi karibu na ufuo ni askari ambaye shambulio dogo la kurudisha lingemwangamiza, na kwamba halikutokea hakumwondolei afisa lawama. Wala ushindi wenyewe haukudumu, kwani Wajerumani waliingia tena Bukoba wakakaa hadi 1916, ilhali batalioni ya Driscoll ilipelekwa kwenye vita vya nchi kavu, ambako homa na tumbo la kuhara viliwamaliza wengi zaidi kuliko risasi, na Selous akauawa Beho Beho Januari 1917.