Pacha wa Bahari: Je, Jina Lamfaa?

Wataalamu wa siku hizi wamejitwalia neno kubwa. Mfano wa bahari uliofanyizwa ndani ya kompyuta wauita pacha. Mwezi wa Februari mwaka 2022, katika mkutano uliofanywa Brest, Ufaransa, Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya, alitangaza ya kuwa Ulaya itafanyiza pacha wa namna hiyo. Sina ugomvi na kazi yenyewe. Naitazama kwa heshima. Nia yangu ni kulipima jina, kwa maana jina likizidi kitu chake, watu huweza kujenga gati au ukuta kwa kuliamini jina.

Ili tuhukumu kwa haki, na tuutazame kwanza mfano wa zamani uliofanywa kwa saruji na maji. Katika miaka ya 1940, John Reber, mtu aliyewahi kushughulika na michezo ya kuigiza, alishikilia kwamba Ghuba ya San Francisco, Marekani, izibwe kwa maboma mawili, maji ya chumvi yabaki nje, na ndani yapatikane maziwa mawili ya maji matamu. Mpango huo ulipata wapenzi wengi. Wahandisi wa jeshi, badala ya kubishana kwa maneno matupu, walijenga ghuba ndogo ndani ya ghala mjini Sausalito, ikakamilika mwaka 1957. Urefu na upana vilipunguzwa mara 1000, lakini kina mara 100 tu. Kama kingalipunguzwa sawasawa na urefu, maji yangalikuwa utando mwembamba usioweza kwenda mwendo wa bahari. Kujaa na kupwa kwa siku nzima kulipita kwa muda usiotimia robo saa.

Jambo linalonivuta zaidi ni shaba. Kwa kuwa kina kilikuwa kimetiwa chumvi mara 10, maji yalikimbia mno. Basi wajenzi walisimamisha sakafuni vipande vyembamba vya shaba, maelfu kwa maelfu, vya kuyapunguza mbio, wakavirekebisha mpaka maji ya ghalani yakalingana na vipimo vilivyochukuliwa ghubani. Hakuna shaba iliyosimama namna hiyo katika ghuba ya kweli! Mfano ulisema kweli kwa msaada wa uongo mdogo uliopimwa vizuri. Ulionyesha ya kuwa mpango wa Reber haufai, nao ukaachwa. Ghuba ikanusurika.

Pacha wa kompyuta naye ana shaba zake. Namba za msuguano wa maji na sakafu ya bahari hurekebishwa mpaka hesabu ikubaliane na kipimo. Mwanafunzi asidhani kwamba kurekebisha huko ni kughushi. Ubora wa pacha juu ya ghuba ya saruji ni kwamba yeye hulishwa daima. Setilaiti humpa kimo cha maji na joto la uso wa bahari. Maboya ya Argo, yapatayo 4000, huzama mpaka mita 2000, na kila siku 10 hupanda yakipima joto na chumvi, kisha hupeleka habari kwa njia ya setilaiti.

Lakini yagawe maboya hayo kwa bahari zote: kila moja litaachiwa eneo la kilomita 300 kwa 300 hivi. Katikati, pacha hukisia. Tena maboya hayo ni ya bahari kuu. Pwani, wakaako watu, hayana kazi. Hata sakafu ya bahari iliyopimwa barabara, mpaka mwaka 2025, ilikuwa zaidi kidogo ya robo tu. Mfano mmoja mashuhuri wa dunia nzima, utolewao na Copernicus ya Ulaya, huigawa bahari kwa miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi penye ikweta. Kisiwa cha Mombasa chaweza kumezwa chote na mraba mmoja. Kivuko cha Likoni hakimo. Bamvua iifunikayo mizizi ya mikoko ya Tudor haina mahali pa kupita. Mvuvi wa Mtwapa akiambiwa kwamba bahari yake ina pacha, ana haki ya kuuliza: bahari ipi?

Yawezekana kutia ndani mfano mdogo wenye miraba ya mita chache. Huo wahitaji kina cha kila mlango wa maji, na vipimo vya kujaa na kupwa visivyokatika. Na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Kifaa cha kupimia kikiharibika, kikakaa miezi bila fundi, picha haififii. Rangi zake hubaki nzuri vile vile. Sausalito, ambako majaribio yalikoma mwaka 2000, mgeni ye yote angali akiziona shaba kwa macho, akajua palipotiwa kiraka. Pacha wa kompyuta huonyesha buluu ile ile palipopimwa na palipokisiwa. Watengenezaji waangalifu huchora pia ramani ya pili, ya mashaka, lakini aghalabu hiyo huwekwa nyuma, wala si ndiyo waonyeshwayo wenye kutoa fedha. Ningetaka itangulie.