Ufundi wa Kukisia

Katika Silent Hunter III, mchezo wa nyambizi za Kijerumani uliotolewa na Ubisoft mwaka 2005, nahodha huulizwa maswali kabla ya kutoka bandarini. Betri ziishe au zisiishe? Hewa ipungue? Topedo nyingine zigome kulipuka? Kila ugumu anaoukubali humwongezea asilimia ya uhalisia, na kwa asilimia hiyo sifa zake hukua. Kasoro ni kwamba mambo yasiyofanana yamewekwa katika mizani moja. Topedo kugoma ni balaa tu, kama ile iliyoikuta nyambizi ya Marekani Tinosa mwezi Julai 1943, topedo zake zilipogonga ubavu wa Tonan Maru Na. 3 moja baada ya nyingine bila kulipuka. Lakini mchezo unapokukokotolea shabaha, kilichoondolewa ni ufundi wenyewe.

Na ni ufundi hasa. Nyambizi hupunguza mwendo hadi karibu kusimama, periskopu hutulizwa, meli huachwa ikatize mstari wa wima uliochorwa kiooni. Saa huanzishwa omo inapogusa mstari, husimamishwa tezi inapouacha. Meli ya mita 120 ikitumia sekunde 30, inakwenda mita 4 kwa sekunde, karibu maili 8 za baharini kwa saa. Lakini hizo mita 120 zimetoka wapi? Zimetoka katika kitabu cha kutambulishia meli, baada ya kulinganisha milingoti na dohani na picha zake, pengine katika mvua au giza la alfajiri. Ukiitambua meli vibaya, urefu umekosea, kasi imekosea, na topedo itapita mbele ya omo huku mabaharia wa juu wakinywa chai. Bado pembe ya meli, yaani jinsi ilivyoelekea ukiitazama kutoka nyambizini, haijakisiwa, nayo hukisiwa kwa jicho.

Watetezi wa wepesi wana hoja nzito: nahodha wa kweli hakufanya hesabu peke yake, alikuwa na maofisa. Ni kweli. Ila maofisa wale walikosea, na nahodha alibeba kosa lao. Ofisa wa kompyuta huijua meli kwa sababu ndiye aliyeichora. Hoja ya pili, kwamba watu wana kazi na watoto, haina ubishi. Hata wapenda uhalisia huharakisha saa, kwani hakuna wa kukesha wiki nzima akitazama Atlantiki tupu. Kungoja si ufundi. Kinachouua zaidi, kuliko hata ofisa asiyekosea, ni ramani inayoonyesha yenyewe kila chombo kilipo. Humo shaka imekufa, na bila shaka hakuna cha kukisia. Siku hizi wengi huiwasha siku ya kwanza kwa nia ya kujifunzia, kisha hawaizimi tena.

Basi harakisha saa upendavyo, hata ofisa mwachie hesabu ukichoka. Alama za ramani zizime leo.