Dakika Sita za Sam na Neil

Kipindi cha 6 Minute English cha BBC hakina mbwembwe. Watangazaji wawili wanasalimia, wanataja mada, wanazungumza, na kabla chai haijapoa wameshaaga. Katika muda huo msikilizaji amekutana na maneno au misemo sita hivi ya Kiingereza, amesikia kila mmoja ukitumika, ameelezwa maana yake, kisha akakumbushwa yote kwa haraka. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, vita bado vinapiganwa, kwa hiyo uzoefu wanao. Hata hivyo uzoefu pekee hautoshi kueleza namna kazi hii inavyofanywa, na mimi nimekuwa nikiisikiliza kama fundi seremala anavyoipapasa meza ya fundi mwingine, akitafuta pale mbao zilipoungwa.

Vipindi vyao vya teknolojia ndivyo vinavyonivutia zaidi. Mada za chakula au usingizi hata mtunzi mvivu atazimudu. Akili mnemba ni mtihani mwingine. Wataalamu wake wana msamiati wao mzito, nusu hisabati, nusu majigambo ya biashara, na mtu anayetaka Kiingereza cha kuombea kazi au cha kumwelewa mhadhiri hana haja na sehemu kubwa ya msamiati huo.

Mwaka 2023 walitoa kipindi kilichouliza kama akili mnemba inaweza kuwa na nafsi yake. Watangazaji wake, Sam na Neil, hawakuanza na mitambo. Walianza na mtu: Blake Lemoine, mhandisi wa Google, aliyezungumza kwa miezi na programu iitwayo LaMDA hadi akaamini kwamba ni kiumbe mwenye haki zake. Mwaka 2022 alilisema hadharani, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imemfuta kazi. Kisa hicho anakielewa mtu yeyote. Hakihitaji shahada ya kompyuta, kinahitaji tu kuwa umewahi kumwona mtu mzima, mwenye elimu yake, akiamini jambo ambalo wenzake wote wanalitilia shaka.

Na hapo ndipo uchaguzi wa maneno unapoonyesha ustadi. Neno la kitaalamu, chatbot, wanalieleza mapema kwa sentensi moja na kulipita. Nguvu zao wanaziweka kwenye wishful thinking, yaani kuamini jambo kwa sababu tu unalitamani, na kwenye taken in, yaani kulaghaiwa ukalaghaika. LaMDA yenyewe imeshapitwa. Programu nyingine zimeshika nafasi yake. Lakini mwanafunzi aliyeyabeba maneno hayo atayatumia kwa mwanasiasa wa jimboni kwake, kwa timu yake ya mpira, kwa shemeji aliyenunua kiwanja chenye hati ya kughushi. Mashine ilikuwa chombo tu cha kuwafikishia watu maneno ya watu.

Tazama pia neno cognitive linavyoingia. Halitamkwi kwanza na mwalimu. Analitamka mgeni, Profesa Emily Bender wa Chuo Kikuu cha Washington, katika kipande kilichochukuliwa kwenye kipindi kingine cha BBC, The Inquiry. Analisema katikati ya hoja, kwa mwendo wake wa kawaida, bila kumhurumia mtu. Msikilizaji anajikwaa, na anaachwa ajikwae. Kisha watangazaji wanairudia hoja ya profesa kwa maneno yao, na humo ndani ya kurudia maana inajitokeza: ni mambo ya kufikiri, kujua, kujifunza na kuelewa. Vitenzi vinne, vyote vya miaka ya mwanzo ya shule. Maelezo yamesimama juu ya kitu ambacho mwanafunzi tayari anacho. Kamusi nyingi hufanya kinyume chake. Unaifungua kwa neno moja, unaifunga ukiwa na matatu usiyoyajua.

Kuna ustadi mwingine, mdogo, ambao nusura unipite. Hakuna anayebaki mwalimu muda wote. Sam anauliza, Neil anajibu. Dakika moja baadaye Neil ndiye anayeshangaa na Sam ndiye anayefafanua. Ujinga unapokezanwa. Msikilizaji anayesikiliza peke yake, simu sikioni, hapati ile aibu ya kuwa yeye tu asiyejua.

Wamarekani waliwahi kuifanya kazi hii kwa njia tofauti kabisa. Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Special English: msamiati wa maneno yapatayo 1,500, sentensi fupi zenye wazo moja moja, usomaji wa taratibu, kama theluthi mbili ya mwendo wa kawaida. Misemo ilikwepwa kama mashimo barabarani. Nayaheshimu sana matangazo yale, maana kueleza setilaiti au kompyuta kwa maneno 1,500 si mchezo. Lakini yalikuwa yakimsafishia njia mwanafunzi. Sam na Neil wanampitisha palepale penye mashimo, wakiwa wamemshika mkono.

Sidai kwamba kila kitu kinapendeza. Vicheko vya watangazaji vinasikika kuwa vimeandikwa, na nadhani vimeandikwa kweli. Marudio ya mwisho nayo yanafanana na mwalimu anayeita majina ya mahudhurio: neno, maana, neno, maana. Nikiwa na haraka huwa nayakatiza.

Kinachonirudisha kwenye kipindi kile ni mgeni waliyemchagua. Bender ni mwanaisimu. Hoja yake ni kwamba majina tunayoyapa mashine yanatudanganya: tukisema kompyuta inatambua usemi, tunaipa akili, ilhali kwa maoni yake inachofanya ni kugeuza sauti kuwa maandishi tu. Mwaka 2021 yeye na wenzake waliandika makala iliyozifananisha programu za aina hii na kasuku, zinazounganisha maneno bila kujua yanamaanisha nini. Yeyote aliyesoma sekondari Tanzania, ambako masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kidato cha kwanza, anamfahamu kasuku huyo vizuri sana. Amekaa naye dawati moja. Huenda alikuwa yeye mwenyewe, akikariri tafsiri ya usanisinuru neno kwa neno na kupata alama zote. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza haingii mjadala huu kama mgeni. Swali la kama kusema vizuri ni sawa na kuelewa analijua kwa ndani, pengine kuliko mhandisi wa California.

Na utunzi wa kipindi unapigana na ukasuku huo bila kuutaja. Taken in haijaletwa kwenye orodha. Imeletwa ikiwa imemng'ang'ania Lemoine. Ukiulizwa maana yake wiki ijayo, utamkumbuka yule mhandisi na rafiki yake wa kwenye kompyuta kabla hujakumbuka maelezo yoyote.

Bado sijaligusa swali. Kila kipindi kina swali moja lenye majibu matatu, linaloulizwa mwanzoni na kujibiwa dakika ya mwisho. Kwa juujuu ni chambo cha kumzuia msikilizaji asihame. Safari hiyo lilihusu filamu ya Her ya mwaka 2013, ambamo Joaquin Phoenix ni mwandishi mpweke anayezungumza na kompyuta yenye sauti ya Scarlett Johansson: je, kompyuta inapata uhai, inamwota mwandishi, au mwandishi anaipenda? Wengi watabahatisha jibu papo hapo, la tatu. Lakini linapotangazwa, maneno yote yameshafundishwa, na msikilizaji anaweza kusema kwa Kiingereza kilichonyooka ni kipi hasa kilichompata yule mwandishi, na kubishana kama ndicho kilichompata Lemoine.